Saruji Haipandi Jumatano

Jumatatu, 3 Februari

Bado naunganisha kazi kwa mishale. Nimefika ya thelathini na moja. Chimba msingi, mshale, mwaga zege la sakafu, mshale, jenga ukuta. Ya kwanza isipoisha, ya pili haianzi. Ukisogeza moja, zote zinaruka zenyewe! Hakuna aliyenifundisha, nimejifunzia kwenye video za simu. Tenki la maji la kijiji kule juu Uluguru, na ratiba yake yote naipanga mimi kwenye kompyuta. Naipenda hii kazi vibaya mno.

Tarehe ya kumaliza imetoka: 6 Juni. Injinia Temba, bosi wangu, anataka 30 Aprili. Ameshamwahidi mfadhili. Kaangalia skrini, kasema, "Toa hiyo mishale, tarehe itarudi yenyewe."

Itarudi kweli. Na ukuta utajengwa kabla ya sakafu. Sitoi.

Jumanne, 4 Februari

Kanikumbusha mkataba wangu wa majaribio unaisha mwisho wa mwezi, na wa kusaini mwingine ni yeye.

Nimesikia. Mishale ipo.

Jumatano, 5 Februari

Nimepanda saiti mwenyewe. Gari linaishia pale barabara inapoishia, halafu ni miguu, saa mbili nzima, mapaja yanawaka moto. Saruji yote iko chini, pale pale ilipoachwa na gari, imefunikwa turubai. Hakuna mbebaji hata mmoja.

Nikakutana na Mama Zuhura, kiongozi wa akina mama wanaobeba mizigo, anashuka na tenga la karoti kichwani. Shikamoo. Nikauliza mbona saruji haijapanda.

"Marahaba. Nani kakwambia saruji inapanda Jumatano? Jumatano na Jumamosi tunashusha mboga mjini. Au hiyo kompyuta yako haili?"

Wenzake wakacheka mpaka matenga yakayumba.

Aibu. Mshale wangu ulianzia kwenye "saruji imefika". Imefika wapi? Barabarani! Injinia hajui, sawa. Lakini hata mimi sikuuliza. Nilikaa ofisini nikavuta mistari.

Alhamisi, 6 Februari

Nimerekebisha. Wabebaji sasa wana kalenda yao: Jumatano na Jumamosi hamna kitu, Ijumaa mwisho adhuhuri, Jumapili mapumziko. Nimeweka na kazi mpya: kupandisha mzigo. Zege linasubiri mzigo, halisubiri gari tena.

Tarehe imeruka mpaka 27 Juni. Injinia kapiga meza. Eti mimi msomi wa chuo cha simu. Ndiyo. Na chuo cha simu ndicho kimepanda mlima kuangalia saruji ilipo.

Ijumaa, 7 Februari

Mishale imefutwa. YOTE. Kafuta mwenyewe nilipotoka kunywa chai. Skrini inasoma 30 Aprili, eti kila kitu kinaanza siku moja.

Nimelia chooni. Hasira tupu. Halafu nikanawa uso, nikairudisha mmoja mmoja mpaka saa kumi jioni.

Jumatatu kuna mkutano wa kijiji. Kaniagiza nichapishe ratiba ya Aprili. Nimechapisha ya Aprili. Na ya Juni.

Jumatatu, 10 Februari

Injinia katangaza Aprili. Makofi. Vigelegele.

Mama Zuhura akanigeukia mbele za watu. "Wewe mwenye kompyuta, mbona umenuna?"

Nikasimama. Nikasema siyo Aprili, ni Juni. Nikasoma kazi moja moja, ipi inaisubiri ipi, na kwamba tenki likijazwa maji kabla zege halijakomaa, linapasuka na mtabaki na magofu. Hakuna aliyepiga makofi. Kuna mzee akaguna.

"Na Jumatano umetuwekea nini?" akauliza Mama Zuhura.

Nikamwonyesha. Patupu.

Akaitazama sana ile karatasi. Halafu akamwambia Injinia, kwa upole kabisa, "Baba, sisi tutabeba kwa hii. Ile ya kwako tafuta wa kuibeba." Akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga.

Njia nzima ya kushuka Injinia alitembea mbele, mbali nami. Ningesema tena. Ningesema hata kesho.

Ijumaa, 28 Februari

Injinia hakusaini mkataba. Nimekabidhi kompyuta saa tatu asubuhi. Hakuniangalia.

Niko nyumbani Kilakala, nafua. Mvua inanyunya kidogo kidogo.

Mchana Mama Zuhura kapiga simu. Msingi umeshachimbwa, Jumatatu wanaanza kupandisha mzigo. Watangulize nini?

Nikamwambia sipo tena ofisini.

Nikasikia kuku wake.

"Sawa, mwanangu. Pole. Sasa tutangulize nini?"

Mabati, mama. Banda la kuhifadhia likishasimama ndiyo saruji ipande, isije ikanyeshewa.

"Haya."

Kakata. Nimeanika nguo ndani.