Mkaa wa Kibuyu cha Mama

Jumanne, 14 Machi 1995

Leo nimemdanganya mtu ambaye hajawahi kunikaripia.

Asubuhi nilimsaidia mama kusugua kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, kwa mkaa, kisha nikakimbilia kazini, mikono nimeipangusa kwa nyasi tu. Kazi yenyewe ni kuchagua vipande vya mkaa wa kale kutoka kwa matope ya kinamasi. Ni vidogo kuliko punje ya wimbi, lakini Daktari, mtafiti aliyeniajiri, anasema kuna mashine ng'ambo inayohesabu kaboni iliyomo na kujua vina miaka mingapi. Tunavishika kwa kibano, kamwe si kwa kidole.

Leo kimoja kiliniponyoka, nikakiokota kwa kidole.

"Chebet, hiyo nyeusi kwa kidole ni nini?"

"Ni matope tu, Daktari."

"Nilidhani umetoka kutengeneza mursik!" Akacheka. Mimi pia nikacheka, sijui kwa nini.

Mkaa wa mama ni wa mti uliokatwa juzi. Vumbi lake kidogo tu, na ule wa kale utaonekana mpya kuliko ulivyo. Hayo Daktari alinifundisha siku ya kwanza. Na leo, baada ya kucheka, aliandika jina langu kwenye kichupa cha vipande hivyo, kwamba ni mimi niliyechagua.

Kifurushi chenye kichupa hicho kinaondoka kwenda ng'ambo kesho saa tatu. Lazima nimwambie kabla, hata akinifuta kazi.

Nimejaribu kuyasema nikikamua jioni. Hata mbele ya ng'ombe sauti ilikataa.

Basi nimeandika barua. Nitampa, nisimame hapo hapo mpaka amalize kusoma.