Balbu Yenye Alama Nyekundu

Jumamosi, 29 Machi 2025
Umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi. Baada ya kuzibua mitaro, mkutano. Niyongabo, mkuu wa mudugudu, yaani kijiji chetu, katangaza: balbu za zamani marufuku, zinakula umeme. Lete ya zamani, upewe LED. Mume wangu Nkusi – huyo! – kakimbia nyumbani, karudi na zote. Hata ile inayowapa joto vifaranga! Niliipaka rangi ya kucha shingoni, nyekundu, ili ajue haiguswi. Kaigusa.

Hiyo mpya inaangaza kama uwanja wa mpira. Joto, hakuna. Ukiishika, baridi kama kijiko.

Jumapili, 30 Machi
Mvua tangu alfajiri. Vifaranga hamsini wamerundikana pembeni, wanalia. Watatu wamekufa. Nkusi alishasema: hawa nao wakifa kama wa mwaka jana, basi ufugaji mwisho, kibanda kinakuwa chumba cha kupangisha. Sasa nani anawaua?

Jumatatu, 31 Machi
Nimezunguka mtaa wetu wa Kanombe wote, hadi Remera. Kila duka, hakuna. Muuzaji mmoja kanicheka: "Mama, ile ampuli ya zamani haiko tena. Chukua LED, iko muzuri, haichomi." Haichomi! Ndiyo shida yenyewe!

Nawawekea vidumu vya maji moto. Vinapoa kabla sijakaa. Wamekufa wengine sita.

Jumanne, 1 Aprili
Nimekwenda kwa Niyongabo kuomba balbu yangu. Moja tu. Mkewe Christella kanizuia getini: "Muze haiko. Na ampuli zote zilishavunjwa, mama. Ni sheria." Haya. Nikapita njia ya nyuma. Uzio wao umeangushwa na mvua. Nikaona kibanda chao cha kuku – mwanga wa njano! Balbu nne. Ya pili kutoka mlangoni ina rangi ya kucha shingoni.

Nikarudi nyumbani mbio, nikamweleza Nkusi. Nkusi anasema nisilete maneno, yule ni kiongozi.

Jumatano, 2 Aprili
Wamebaki thelathini na mmoja. Niyongabo yuko sebuleni sasa hivi, anakagua taa nyumba kwa nyumba. Namsikia: "Muze Nkusi, hii taa iko naangaza sana!" Nkusi anacheka naye, eti kweli kabisa. Sasa ananiita nilete chai.

Chai nitaleta. Na boksi la vifaranga nitalileta, wazima na waliokufa, niliweke mezani chini ya hiyo taa yao nyeupe.