Monita Bubu ya Mama Mdogo

Gisenyi, Rubavu
Jumatatu asubuhi

Kwako mke wangu, Bibi Anastazia,

Pokea salamu za mumeo, kijana, mrefu, na anayezidi kupendeza kila wiki. Goti lako la kushoto linasemaje na baridi hii? Yule jogoo mwenye kiburi bado anakufukuza uani, au umeshamla bila kunisubiri? Mimi sina homa wala kikohozi, ila sauti imekauka kabisa, ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Halafu kwenye simu huwa unanikatiza. Neema, dada yangu unayemsomea, soma kama nilivyoandika, usirukeruke wala kuongeza maneno yako ya kidato cha tatu.

Habari kubwa, Bibi: mumeo amenunua monita.

Usimuulize Neema, hajui. Monita ni kioo kama cha televisheni, ila hiki kimetengenezwa kwa ajili ya gemu. Unajua Mama Mdogo alinipa chumba chake cha mbele, kinachotazama barabara ya sokoni, niendeshe gemu ya mpira. Vijana wanakaa wawili wawili, wanashika pedi, wanalipa kwa mechi. Sasa televisheni yake ilikuwa imezeeka. Ukibonyeza kupiga, mchezaji anatafakari kwanza, anamwomba Mungu, ndipo anapiga, na kipa ameshafika. Vijana wakaanza kuhamia ng'ambo ya barabara kwa Fiston, mwenye televisheni kubwa kama mlango wa kanisa.

Mama Mdogo akaniita jikoni. Miaka aliyokaa huku imemgeuza ulimi, anaongea kama wao.

"Baraka, Papa Innocent wa maharage anataka hii chumba, aweke depo. Atakuja kupima siku ya umuganda. Kama watu hawarudi, mi namupa, na we unarudi Kasulu kwa bibi yako."

Umuganda ni ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mji mzima unashika majembe na mafagio, na maduka hayafunguliwi mpaka kazi iishe. Nilikuwa na siku tisa. Najua hapo umetabasamu, Bibi. Tulia.

Nikaenda kwa dada mmoja anayeuza vyombo vya umeme vilivyotumika, karibu na stendi. Akaniangalia kuanzia viatu.

"Unataka ya kuangalia ao ya kucheza?"

"Ya kushinda," nikamwambia.

Kulikuwa na kimoja kilichopinda kama ndizi, kinawaka taa za rangi mgongoni. Kizuri, lakini bei yake ni ya mtu mwenye gari. Akanionyesha kingine, inchi ishirini na nne, kimekwaruzwa pembeni. "Hii iko na hertz mia moja makumi ine na ine," akasema. Maana yake, Bibi, ndani ya sekunde moja picha inabadilishwa mara mia moja arobaini na nne. Wewe sekunde moja hujamaliza hata kusema "mjukuu". Nikamwambia aweke rangi nyeupe tupu, kisha nyeusi, kisha nyekundu, nami nikakikagua kama unavyochambua mchele. Kona ya chini nikaona nukta moja imekufa, haiwaki.

"Ni mavumbi hiyo."

Nikaifuta kwa mate. Ikabaki palepale. Bei ikashuka. Nikamwachia televisheni ya Mama Mdogo, nikaongeza akiba yangu yote juu, nikatoka na monita kwapani kama mtu aliyeoa.

Kuiweka sasa. Skrubu moja ya mguu ilikosekana, nikakaza kwa waya. Nikaipandisha juu ya kreti ya bia iwe sawa na macho, nikachomeka nyaya, nikaingia kwenye menyu nikachagua hali ya gemu. Nikabonyeza, na mpira ukaondoka hapohapo. Hata sikuwahi kupumua. Claude, kijana wa Nyamyumba anayesukuma mizigo pale Grande Barrière, mpaka wa kuvukia Goma, alikuwa ananichungulia begani.

"Lakini mashine yako ya gemu ni ya zamani, inatoa picha makumi sita tu kwa sekunde."

"Zilizobaki ni akiba," nikamjibu.

Akacheka, akashika pedi. Tukacheza dakika moja, halafu akainua kichwa.

"Sauti iko wapi?"

Nikaongeza sauti hadi mwisho. Kimya. Nikazunguka nyuma, nikaipigapiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Kimya.

"Monita hii haina bafle ndani, we," akasema Claude. Bafle ni spika. "Bafle ilikuwa kwa ile televisheni umeuzisha."

Mke wangu, nilikimbia hadi stendi na ndala moja. Televisheni ilikuwa imeshanunuliwa. Nikarudi nikamwambia Mama Mdogo kwamba siku hizi wataalamu wote wanacheza kimya, inasaidia akili.

"Wataalamu gani?" akasema. "Umetoa televisheni yangu, umeniletea picha ya ukuta."

Nyuma ya monita kulikuwa na tundu la visikilizio, nikachomeka vya simu yangu. Kila mchezaji akapewa sikio moja, wakakaa wamegusanisha vichwa kama wachumba. Watazamaji hawakusikia chochote, na chumba cha gemu bila watazamaji ni sebule tu. Siku ya pili Fiston alivuka barabara, akasimama mlangoni, akavua kofia.

"Bon, poleni sana. Nani amekufa?"

Watu wakacheka mpaka nje. Hata Claude, msaliti yule, alicheka. Na mimi, unavyonijua, aibu ikinishika inashuka mdomoni. Claude alikuwa anacheza na Eric, dereva wa moto, ndivyo huku wanavyoita pikipiki, anayetoka Kanama, kule kwenye vilima vya viazi. Nikasimama juu ya benchi nikaanza kutangaza.

"Claude anaupokea mpira Nyamyumba, karibu na chemchemi ya maji ya moto, anamkwepa wa kwanza, anamkwepa wa pili, Eric yuko wapi, wapenzi wasikilizaji, Eric bado anatafuta abiria Kanama, Claude anapiga, na Kanama wanaokota mpira wavuni kama viazi vya gunia lililotoboka."

Chumba kikalipuka. Huku wananicheka kila siku kwa Kiswahili chetu. "We unaongea kama radio," wanasema, wakitaka nione haya. Kumbe radio ndiyo waliyokuwa wanaikosa. Mama mmoja aliyekuwa anarudi kwao Goma na beseni tupu akasimama dirishani.

"Mechi ya wapi hiyo?"

"Nyamyumba na Kanama, Mama."

"Na sisi wa Goma, mulitusahau?"

Kesho yake akamleta mwanawe acheze. Kufika Ijumaa, wa Nyamyumba walikuwa wanakaa ukuta wa kulia, wa Kanama wa kushoto, na waliokosa nafasi walining'inia dirishani. Lakini Mama Mdogo alipita na sufuria zake, akatazama, akaenda.

Jumamosi, majembe yalipowekwa chini, Papa Innocent akaja na futi yake ya kupimia. Ni mtu mnene, mpole, anaomba radhi hata kwa kiti anachokalia. Akapima ukuta mmoja. Nilikuwa juu ya benchi, na mdomo haukusimama. Akapima nusu ya ukuta wa pili, akageuza kichwa.

"Kanama iko na ngapi?"

"Moja, Papa. Nyamyumba mbili."

"Aah, hapana." Papa Innocent, sikujua, ni mtu wa Kanama. Akanivalisha futi shingoni. "Shika hii kidogo."

Eric aliposawazisha, Papa Innocent alimkumbatia mtu asiyemjua. Halafu akasema ni dhambi watu wazuri hivi kukosa sauti, akapanda moto ya Eric, akarudi na bafle ya kwaya yao imefungwa kwa kitenge. Tukachomeka. Watangazaji wa ndani ya gemu wakaanza kunguruma Kiingereza, uwanja mzima ukavuma. Nikashuka kwenye benchi, nikajua kazi yangu imeisha.

Watu wakakaa kama wanasubiri sindano. Dakika ya kwanza, ya pili. Papa Innocent akakuna kidevu.

"Hawa wazungu wanajua Kanama iko wapi?"

"Hapana, Papa," nikasema.

"Basi uzime."

Nikazima. Mama Mdogo alikuwa mlangoni, amejishika kiuno, na unga bado mikononi.

"Papa Innocent, umemaliza kupima?"

Mzee wa watu akaitazama futi shingoni kwangu. "Mama, maharage inaweza kulala fasi yoyote."

Mama Mdogo akasonya, lakini ule msonyo wa kuficha meno. "Toa basi hiyo kitu kwa shingo ya mutoto," akasema. Kisha akanigeukia. "Na we, endelea. Utaje na jina yangu."

Kwa hiyo, Bibi, chumba ni changu, na mahindi mwaka huu mtavuna bila mimi. Sikukwambia, lakini Ijumaa nilikuwa nimeshafunga begi. Jumapili nikalifungua, nikatoa shati moja moja, nikacheka peke yangu. Halafu nikakaa kitandani kidogo. Mwambie Neema akushike mkono shambani, asijifanye anasoma.

Dereva wa lori atakayekuletea barua hii ana mfuko wa sambaza wakavu, samaki wa ziwa letu hili. Ni wadogo kuliko dagaa wa Kigoma, usiwacheke. Msalimie Baba Mkubwa aliyesema gemu hailishi mtu, mpe sambaza wawili tu. Msalimie Shangazi wa Kibondo, na mwalimu wangu wa hesabu, mwambie mia moja arobaini na nne nimeielewa.

Ni mimi mumeo, ninayejulikana Nyamyumba na Kanama, na ambaye usiku huanza kukutangaza wewe unavyomkimbia jogoo,

Baraka