Kiganja cha Otilia

Dada Otilia,

Hukujifunza kusoma, lakini nakuandikia. Nikizungumza nawe kwa mikono barabarani, watu wa Lumemo watasema nimechanganyikiwa.

Tangu tukuzike, mavuno mawili yamepita. Mama hajambo. Baba kwa muda mrefu alikuwa yule yule; akitajwa kiziwi popote, alirudia alichosema siku ya msiba: "Mwanangu alikuwa mpole, ila lugha hakuwa nayo." Maneno hayo yalinichoma. Nilitamani kumpinga, lakini unanijua, mbele ya Baba mimi ni bubu kuliko wewe.

Sasa sikia. Pale ofisi ya mbegu ninapofanya ukarani amekuja Bwana Kessy, mwalimu wa chuo, na kompyuta yenye kamera. Mwanzo niliiogopa, nikidhani imekuja kukalia kiti changu. Kumbe ni mwanafunzi. Kessy alikuwa ameijaza maneno: mpunga ni mmea utoao mchele, mchele ni punje za mpunga zilizokobolewa. Inajibu vizuri, lakini ni kama mtu anayezunguka nyumba bila kuona mlango. Neno linamrudisha kwenye neno. Ndiyo maana akaleta kamera. Anaionyesha picha, inakisia jina. Ikikosea anaisahihisha, nayo inarekebisha hesabu zake kidogo, mpaka ikatambua mpunga, magugu na tope.

Siku moja akauliza, "Na neno 'bado' tutalipigia picha gani?"

Nikakukumbuka jikoni ukidai wali, na Mama akikandamiza kifuniko cha sufuria kwa kiganja, kwamba haujaiva. Kiganja kile kikawa neno lako. Mvua haijaja, kiganja chini. Treni haijafika, kiganja chini. Yule mchumba uliyemkataa aliporudi kuuliza, kiganja chini, na Mama akacheka mpaka akaketi.

Nikasema tuionyeshe mpunga mbichi na uliokomaa. Ikajifunza. Tukaiwekea ndizi mbichi, ikajibu: bado. Tukashangilia. Kisha Mkuu wetu wa ofisi akapita mbele ya kamera na shati lake la kijani. Bado!

"Mimi huyu, ninayekaribia kustaafu?" akasema. "Kessy, mashine yako inanitania."

Kumbe ilishika rangi tu. Nikawaeleza kwamba dada yangu alilijua neno hilo kwa sababu aliona njaa, akangoja, na wali ukaiva.

"Basi sisi tumeinyima kungoja," Kessy akasema.

Sasa kamera inatazama jaruba lile lile la mpunga kila asubuhi, na kompyuta inakisia kesho litakuwaje kabla ya kuonyeshwa. Inakosea, lakini inakosea kidogo kuliko juzi. Njaa haina, wala sijui kama itafika ulikofika wewe. Mlango lakini imeanza kuupapasa, nami siiogopi tena.

Kessy akataka kujua ishara zako nyingine. Jumapili baada ya misa akaja nyumbani.

"Shikamoo, Mzee. Nasikia binti yako alikuwa na lugha yake."

Dada, nilitamani ardhi inimeze. Baba akakunja uso.

"Nani kakudanganya? Lugha hakuwa nayo."

"Sawa, Mzee. Ila akikuhitaji, alikuwa akikuitaje?"

Baba akainua mkono. Kisha akapitisha kidole polepole kwenye lile kovu la kidevuni mwake, kama ulivyofanya ukiwa ng'ambo ya shamba. Akarudia. Akarudia tena.

"Hivi," akasema. "Kutwa nzima alikuwa akiniita hivi."

Mama alikuwa ameshajifunika uso kwa khanga.

Pumzika, dada yangu. Jioni sasa tunakaa watatu, tunakumbushana maneno yako. Baba akikosea, Mama anampiga kikofi mkononi na kumwelekeza. Nakuahidi nitayatunza yote, na nitayafundisha kwa yeyote atakayetaka kujifunza, awe mtu au mashine.

Mdogo wako,
Deo