Kilichomchelewesha Lokwa Bengamisa

Ijumaa, 9 Machi 1984

Mume wangu Lokwa amerudi leo tena, badala ya jana. Nilikuwa napepeta mchele niliposikia gari inakata kona. Pikapu ya marehemu baba yangu. Sauti yake naijua kama kikohozi cha mtu wa nyumbani.

Sababu ni ile ile. Usukani unacheza, akaogopa giza, akalala Bengamisa, fundi akamkazia. Wiki iliyopita hivyo hivyo. Na ile kabla yake.

Nilimpa lituma, ndizi za kuponda, na samaki. Alimega kidogo, akanawa. Mwanaume aliyetoka njiani hana njaa. Nani kamlisha?

Jumamosi, 10 Machi

Salongo asubuhi, ile kazi ya lazima. Mtaa mzima tulifyeka majani kando ya barabara. Jirani yangu Mama Asha, anayeuza vitambaa na kupanda kila gari ya njia ya Buta, alinisogelea akaniambia bila kuulizwa. Bengamisa kuna mwanamke anapikia madereva. Anaitwa Feza. Fundi anayekaza usukani wetu ni kaka yake. Na mume wangu hali kwenye benchi na wenzake. Anakula ndani.

Nikaendelea kufyeka. Nilifyeka hadi maua ya watu.

Nina wivu. Mdomo mchungu kutwa nzima, hata chai haipiti.

Jumapili, 11 Machi

Lokwa kaenda misa na binti yetu Neema. Mimi ni Mwislamu, Jumapili hubaki. Nikachukua ufunguo wa gari.

Nilitaka kumkamata kwenye uongo. Nimekulia katika garage ya baba, nilimpa kle za kufungulia nati na nyundo kabla sijajua kusuka nywele. Nikakaa kwenye kiti, injini imezimwa, nikazungusha usukani. Kiganja kizima kulia, kiganja kizima kushoto, ndipo magurudumu yakasikia.

Basi si uongo. Niliudhika kwamba si uongo.

Nikaizungusha gari mtaani polepole. Kwenye kona usukani ni mzito, na haurudi wenyewe. Huyo kaka wa Feza anakaza skrubu ya boksi ya usukani, kila wiki anaikaza. Siku moja dereva anaona nafuu, kisha mchezo unarudi. Ugonjwa hauko hapo. Matengenezo ya kumrudisha mteja kila safari. Sijui kama hajui kazi au anajua sana.

Jumatatu, 12 Machi

Lokwa alikuwa sokoni. Nikamwita Mama Asha akae kwenye gari, autikise usukani huku na huku, mimi nikalala chini. Baba alikuwa akisema usibahatishe, tazama mwendo unaishia wapi. Mkono wa boksi unafuata usukani pale pale. Fimbo ndefu nayo. Mwisho wa fimbo, karibu na gurudumu la kushoto, fimbo inaruka na gurudumu limetulia tu.

Ni rotili, kile kifundo kinachoshika fimbo na gurudumu. Mpira umepasuka, grisi imekwisha, mchanga umeingia. Nikakishika kwa mkono, kinalegea kama jino la mtoto. Siku kitakapochomoka, gurudumu litakwenda linakotaka. Na njia ile ina madaraja ya magogo.

Mama Asha akauliza nimeona nini. Nikasema bado natazama.

Nilibaki pale chini. Aliyejua ni mimi peke yangu. Nikamwona Feza na sufuria yake motoni, anangoja gari, gari haiji. Ilinifurahisha. Siandiki ili nijisafishe, ilinifurahisha kweli. Kisha nikafikiri nani atakayekuja kunibishia hodi na habari hiyo, na Neema atakuwa amesimama wapi. Nikatoka chini ya gari.

Simtaki amekufa. Namtaka nyumbani Alhamisi.

Jumanne, 13 Machi

Nimemwambia. Alikwenda kulala chini mwenyewe, akatikisa, akatoka amekauka uso.

Tulipata rotili nzima kwenye pikapu iliyokufa, kwa wauza vyuma karibu na mto. Kazi mchana kutwa. Ile ya zamani iligoma. Tukapiga nyundo mbili pamoja, yeye upande huu, mimi ule, ikadondoka. Tukaweka nyingine, grisi, kipini. Halafu nikailegeza skrubu ya boksi kidogo kidogo, mpaka usukani ukawa unarudi wenyewe baada ya kona.

Akasema, "Papa yako alikufundisha muzuri."

Nikasema kesho naenda naye. Kle ikamponyoka. Akaiokota, akaipangusa muda mrefu.

"Bon, sawa," akasema.

Alhamisi, 15 Machi

Jana tulipita Bengamisa bila kusimama, tukalala mbele kwa watu wanaotuuzia mchele. Leo tukirudi na mzigo, gari inakwenda wima, Lokwa anaishika kwa vidole. Hakuna sababu ya kusimama Bengamisa. Nikamwambia asimame, nina njaa.

Hakushuka.

Nilitegemea msichana mzuri. Feza ni mkubwa kwangu, mikono imejaa majivu. Hilo liliniuma zaidi.

"Karibu, mama. Unatoka wapi?"

"Kisangani. Mimi ni bibi ya Lokwa."

Aliweka mwiko chini. Akatazama gari, akanitazama.

"Bibi mupya?"

"Hapana. Iko mumoja tu. Mama Neema."

"Mama Neema alikufa," akasema. "Alikufa mu kuzala. Lokwa mwenyewe aliniambia, hapa hapa."

Nikakaa kwenye benchi. Akakaa pembeni yangu. Tulikaa kama wagonjwa wawili kwenye dispensari.

"Nilikuwa nakuonea wivu," akasema. "Kila wakati Mama Neema. Mama Neema anajua gari kupita wanaume. Mama Neema akicheka, parcelle yote, uwanja na nyumba, inacheka. Napika, napika. Lakini mutu alishakufa, utamushinda namna gani?"

 Akanipakulia pondu, majani ya muhogo, sikuweza kula. Nilipoinuka akasema, bila kupandisha sauti, "Umwambie asisimame hapa tena. Kaka yangu pia nitamwambia."

Ijumaa, 16 Machi

Jana tulifika daraja la Tshopo, karibu na nyumbani. Hapo nikamweleza yote aliyosema Feza, nikamuuliza kwa nini aliniua.

"Ningesema uko, angenifukuza," akasema.

Nimemtandikia mkeka sebuleni.

Simwonei Feza wivu tena. Namwonea yule marehemu, Mama Neema wa kule Bengamisa. Miaka yote hii ndani ya nyumba moja, sijawahi kuambiwa kwamba nikicheka kuna mtu anasikia. Yeye kapewa yote, na hata hayupo.

Alhamisi, 22 Machi

Aliondoka jana peke yake. Leo karudi jua bado liko juu ya mabati, sijawasha hata moto. Vumbi mpaka kwenye kope. Alikula sana. Neema alilala mapajani mwake.

Kasema usukani uko sawa. Nikasema vizuri.

Baadaye akasema, macho kwenye sahani: "Pale kwa Feza, ile nilisema ya kucheka kwako. Ile ilikuwa kweli."

 Nilimwongezea samaki, nikaenda kufungia kuku.