Marais Wako na Kihamba Chetu

Old Moshi, Jumapili baada ya ibada

Baba,

Shikamoo. Najua salamu hii haijibiwi tena, lakini mkono wangu umekataa kuanza kwa njia nyingine.

Leo nimemaliza kile kitabu tulichokiacha katikati ulipolazwa hospitali. Kila jioni huandika kwenye daftari langu yaliyotokea siku hiyo, lakini haya sikuweza kuyaweka humo. Haya ni yako.

Nilikisoma kwa sauti, kama ulivyotaka baada ya macho kukuacha: sentensi kwa Kiingereza, kisha maana yake kwa Kiswahili, kisha nanyamaza ili ubishe. Nikanyamaza. Ng'ombe alikuwa anacheua nyuma ya ukuta. Nikaendelea.

Majirani walikucheka sana kwa vitabu hivi. "Mzee Mmarekani, huko kwenu kodi zimepungua?" Ulipokuwa ukiongoza wageni mlimani, wenzako waliachiwa viatu na makoti, wewe ukashuka na kitabu cha rais wa Marekani, nao wakakuuliza kinavaliwa mguu upi. Mgeni aliyekupa kitabu hicho hakukusahau. Alikutumia vingine na vingine, vyote vya marais wa upande mmoja, wale wahafidhina. Hukuwapenda wote sawa. Mmoja ulisema anatabasamu mno kwa mtu anayependa vita. Lakini tulipofika mahali panaposema serikali isiingize mkono katika shamba la mtu, ulijipiga paja. "Mama, rudia hapo." Uliniita Mama kwa kuwa nimebeba jina la mama yako. "Huyu angezaliwa Uchagani angekuwa mzee wa kanisa!" Uliona ushirika wa kahawa wa baba yako ukivunjwa kwa amri ya watu wasiojua hata mbuni unapogolewaje, na hukusahau. Na tulipofika panaposema kilichopokewa kwa wazee kishikwe, ulisema "Amina" kana kwamba mchungaji yuko mbele yako.

Nilikuomba uandike wosia. Ulinijibu kwamba wosia ni wa watu wasio na desturi. "Kwetu imeshaamuliwa. Nyumba na kihamba ni vya kitindamimba, na kihamba, shamba la ukoo, hakiuzwi. Babu zako wamelala humo." Uliamini maneno hayo yote yatasimama pamoja daima.

Baba, Elia ameuza kihamba.

Nimeitafuta namna nzuri zaidi ya kukwambia, sikuipata. Mdogo wangu ameuza migomba, nyumba, na mahali mlipolala wewe na mama yetu. Mnunuzi atajenga hoteli ya wanaokuja kupanda mlima. Kahawa imeshang'olewa. Mashina yamerundikwa kando ya mfereji, na watu wanakuja kuokota kuni.

Ukoo ulikutana uani kabla hajatia saini. Baba mdogo alileta mbege, haikunyweka. Mimi ni binti. Juu ya ardhi sina neno. Nilikuwa na jani la isale tu. Nilikwenda kulikata mpakani, nikalifunga fundo, nikampelekea Elia kwa mikono miwili. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba anayeletewa isale hakatai ombi, hata kama anayemwomba amemuulia ndugu. Alilipokea. Akaligeuzageuza. Kisha akasema, kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza:

"Dada, Baba alikuwa akisema mali ya mtu ni ya mtu, hata serikali isimwingilie. Sasa ukoo ni nani?"

Mimi niliyekusomea vitabu vyote vile nilitafuta kichwani ukurasa wa kumjibu nao. Sikuupata. Yalikuwa maneno yako kweli, Baba, wala hakuyapotosha. Kumbe jioni zile zote alikuwa akitusikiliza kutoka jikoni.

Akaliweka jani juu ya kiti, akaondoka.

Sura ya mwisho ya kitabu nilichomaliza leo inahusu urithi alioacha rais anayesimuliwa humo. Inasema majaji aliowateua walibaki mahakamani muda mrefu baada yake, na kwamba watu bado wanagombania jina lake. Wengine wanalitumia kwa mambo ambayo yeye asingeyafanya, na hayupo kuwakatalia. Ulipenda desturi, na ulipenda uhuru wa mwenye mali. Ningetaka kukuuliza kama hukuwahi kuona kwamba siku moja vitagombana. Labda uliona. Labda ulidhani watagombana watu wengine, mbali, huko Washington.

Hasira sina. Ningekuwa nayo ningepata la kufanya.

Kibali cha kuhamisha makaburi kimeshatoka. Jumamosi mtapelekwa makaburi ya usharika, wewe na mama yetu. Vijana wa kijiji wamekataa kushika jembe, kwa hiyo Elia ameajiri vibarua kutoka Chekereni, watu wasiokujua, waliozoea matope ya mpunga. Hawana kosa. Lakini wanaimba wakifanya kazi, na wana haraka.

Naahidi jambo moja, kwa sababu ndilo pekee lililobaki mkononi mwangu. Watakapofika karibu nawe nitawaambia wasimame, nami nitashuka. Najua kwetu mwanamke hashuki kaburini. Baba mdogo atanikemea, na mchungaji atajifanya anatafuta ukurasa kwenye kitabu cha ibada. Waache. Sitakubali mkono wa kwanza kukugusa uwe wa mtu anayeuliza ulikuwa nani. Nitakushika mimi, upande wa kichwa, na nitakutaja kwa jina lako lote kabla hatujakuinua.

Kwaheri ya hapa nyumbani, Baba. Lala siku hizi chache zilizobaki.

Mama yako, binti yako.