Kidonge Ndani ya Kakao, Sifa kwa Mafuta ya Wifi

Mama Vaisioa, amani iwe kwako na kwa wote wa nyumbani mwako. Mimi ni msomaji wa safu yako gazetini kwa siku nyingi, hapa visiwani Vava'u, na sikudhani ipo siku ningekuandikia, kwa sababu nikisema kweli mimi ni mwanamke mwenye furaha, watoto wamekua, binti ameolewa vizuri, mume ananipenda, na hapo ndipo haya inaponishika, kwa kuwa furaha yenyewe naipika kwa uongo jikoni mwangu kila asubuhi, na sasa uongo huo umeanza kuwaumiza majirani.

Mume wangu Lupeti ni mwimbishaji wa kwaya ya kanisa letu na kwa miaka mingi alikuwa na jongo, lile la kidole gumba cha mguu kuvimba na kuwa chekundu hata shuka likikigusa mtu analia, na kwenye kikao cha kunywa kava wenzake walikuwa wakimwambia, "Lupeti, yule nguruwe wa Krismasi amerudi kukuuma," naye anacheka nao, lakini akirudi nyumbani hacheki tena, maana alikuwa ameacha nyama, ameacha bia, anakula shelisheli la kuchemsha kama mfungwa na jongo bado linamjia, na Jumapili nyingine aliimbisha kwaya akiwa ameketi juu ya kiti, jambo ambalo kwake ni sawa na kuvuliwa nguo mbele za watu.

Ndipo wakaja watafiti, na kiongozi wao ni binti wa huku huku kwetu aliyesomea ng'ambo, Daktari Halaevalu, wanachunguza kwa nini jongo linatuandama sana watu wa visiwa hivi, wakampima Lupeti damu, na yule binti akaketi naye mkekani akamwambia, "Baba, huu si ulafi. Figo za watu wengi wa ukoo wako zimerithi ubahili. Kuna asidi inayotakiwa kutoka na mkojo, zenyewe zinaing'ang'ania, basi inajaa kwenye damu na kuganda ndani ya viungo, chembe ndogo zenye ncha. Kinga ya mwili ikiziona inadhani ni adui, inazivamia. Moto unaousikia ni kinga yako mwenyewe inayopigana na kitu kisichokufa." Mama, Lupeti alilia, kwa sababu tangu aanze kuugua hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba si kosa lake.

Akapewa vidonge vya kumeza kila siku, na muuguzi wa zahanati akatuonya kwamba miezi ya mwanzo maumivu yanaweza kuja tena kwa sababu zile chembe zikianza kuyeyuka kinga inashtuka upya, akatupa na dawa nyingine ya kutuliza, akasema lolote litakalotokea msiache, na kweli maumivu yakaja, mabaya, na siku hiyo hiyo akaja wifi yangu Kalolaine.

Wewe ni wa hapa, unajua dada wa mume ni nani. Akisema, kaka yake hapingi, na mimi niliyeolewa tu ndiyo kabisa. Alisimama mlangoni, maana kwa mila zetu dada haingii chumba alicholala kaka yake, akamsikia anavyougulia maumivu, akasema, "Hivi vidonge ndivyo vinavyokuchoma. Vitupe. Nitakutengenezea mafuta ya bibi yetu." Lupeti akajibu, "Sawa, dada," na vidonge vikatupwa, na mafuta yakaja, ya nazi na magome na maua, na kazi ya kupaka nikapewa mimi asubuhi na jioni.

Mimi nilikumbuka maneno ya muuguzi. Nikavitoa vidonge kwenye taka, nikavifuta, na kesho yake nikasaga kimoja nikakitia kwenye kakao yake, nikajiambia ni mpaka maumivu haya yapite tu halafu nitamweleza, lakini maumivu yakapita na hayakurudi, miezi ikaenda, kidole kikawa cha kawaida, akaanza kuimbisha amesimama, kwenye harusi ya binti yetu akacheza hadi wazee wakampigia makofi, na wote wakamsifu Kalolaine na mafuta yake, na mimi nikawa nakwenda zahanati kuchukua vidonge vingine, nasema mume amenituma, narudi, nasaga, nakoroga, na yeye anasema, "Mke wangu, dada yangu ana mikono ya baraka."

Ningeishi hivyo mpaka kufa, lakini mwezi uliopita Daktari Halaevalu alirudi, akapima, akashangaa. Akamuuliza, "Baba, vidonge unameza vizuri?" Lupeti akasema, "Niliviacha zamani. Natumia mafuta ya dada tu." Binti akatazama karatasi zake, akatazama ile chupa ya mafuta, akaomba ajaziwe kidogo apeleke maabara, kisha akanigeukia mimi, "Mama, hakuna kitu kingine anachotumia?" Wifi alikuwa ameketi hapo hapo barazani. Nikasema, "Hapana. Kakao tu."

Na juzi nikampelekea samaki jirani yetu Folau, mzee wa kanisa, naye ana jongo na figo zake si nzima, nikamkuta amelala mguu umevimba hadi gotini. Mkewe Pisila akaniambia aliacha vidonge vyake tangu aliposikia habari za Lupeti. Nikamwambia, "Mzee, rudi zahanati." Akatabasamu, akasema, "Lupeti amepona na mafuta, nami nitapona. Mguu wangu ni mkaidi tu." Nilitoka pale nikatafuta kalamu. Mama, nikisema nitamvunjia wifi heshima mbele ya kijiji na mume wangu hataniamini tena, na nisiposema yule mzee atakufa na wale watafiti wataandika uongo wangu kwenye vitabu vyao. Nifanye nini?

Losaline

*

Mwanangu Losaline,

Barua yako sikuisubirisha zamu ya gazeti. Nilikupigia simu siku ile ile kwa sababu ya Folau, na niliyokuambia nayaandika hapa kwa ruhusa yako. Majina nimeyabadilisha, visiwa vyetu ni vidogo.

Kwanza pole. Katika nyumba ile ni wewe peke yako uliyeyashika maneno ya muuguzi siku maumivu yalipokuja. Wengi hutupa dawa wiki hiyo hiyo inapoanza kufanya kazi, wanadhani imewadhuru. Nimekuwa muuguzi nusu ya maisha yangu na nimewaona wengi wa namna hiyo. Hilo nakusifia, na sifa zinaishia hapo.

Kumnywesha mtu mzima dawa bila yeye kujua ni kumnyang'anya mwili wake. Unasema ulimpenda. Sawa. Je, kama angetokwa na upele? Dawa hiyo kwa watu wachache huleta upele mbaya sana, na anayeupata lazima aache siku hiyo hiyo. Lupeti angekwenda zahanati, angeulizwa anatumia dawa gani, angejibu mafuta, na wewe ungekuwa nyumbani unakoroga kakao. Au daktari mwingine angempa dawa isiyopatana na hiyo. Mungu amekufichia aibu, usimjaribu tena.

Na daktari ulimdanganya usoni. Yule binti hachunguzi mguu wa mume wako peke yake. Anatafuta kwa nini kinga ya watu wetu inawaka hivi, na dawa ipi inauzima moto huo bila kuharibu figo. Akiandika kwamba mafuta yalishusha asidi kwenye damu, kuna watoto ambao hawajazaliwa watakaopakwa mafuta huku viungo vyao vinaharibika. Neno lako dogo la barazani lina miguu mirefu.

Sasa sikiliza. Leo, kabla hujala, nenda kwa Folau. Huna haja ya kumweleza habari zote. Mwambie Pisila hivi: "Lupeti hakuacha dawa. Mimi nina hakika, kwa sababu mimi ndiye ninayempa." Yatosha. Ukiulizwa zaidi, sema utaeleza kesho. Mguu wa mtu mwenye figo mbovu hausubiri heshima ya mtu.

Jioni, mwambie mume wako. Si mbele ya watoto, si baada ya kumpikia kitu kizuri, maana atadhani unamhonga. Sema ulichofanya, kisha nyamaza. Akikasirika, mwache akasirike, ni haki yake. Usijitetee kwa kidole chake kilichopona.

Ukishamwambia, mpigie daktari na umweleze kila kitu: kiasi gani, tangu lini, siku gani uliruka. Lupeti apimwe damu na figo kama mtu anayetumia dawa, kwa sababu dawa hiyo hupandishwa kidogo kidogo kwa vipimo, wala haipimwi kwa kijiko cha jikoni.

Kwa wifi usiende wewe. Kaka yake Lupeti ndiye atakayekwenda, akiwa amekwisha kujua, na yeye ndiye atakayeamua kumeza au kutomeza. Na mtu asiyadharau yale mafuta. Hayajamdhuru yeyote. Kilichodhuru ni lile neno "vitupe", na neno hulirudisha aliyelitoa. Mpeni Kalolaine nafasi ya kulirudisha. Nyinyi wake za kaka mnawaogopa mawifi hadi mnasahau kwamba nao wanawapenda hao hao kaka zao.

*

Wasomaji wangu, nimempigia Losaline tena juzi ili nijue yaliendaje, maana mimi pia sikulala vizuri.

Folau hakumsikia. Pisila alimsihi, Losaline akamsihi, akageukia ukutani.

Lupeti alikuwa akimenya viazi vikuu vya Jumapili Losaline alipomwambia. Aliendelea kumenya. Kisha akauliza, "Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi."

"Hata siku ya harusi?"

"Hata siku ya harusi."

Akasema, "Umeninywesha kama mtoto mchanga," akaweka kisu chini, akaenda kulala kwenye ukumbi wa kanisa. Siku chache alizokaa huko alijipikia chai mwenyewe na kuiunguza sufuria ya wanakwaya. Aliporudi hakusema amesamehe. Alinyoosha kiganja, akasema, "Nipe. Nitameza mwenyewe, niangalie nikimeza, halafu uache kuniangalia." Losaline anasema hajawahi kupewa neno tamu kuliko hilo.

Daktari Halaevalu alicheka simuni, kisha akaacha kucheka, akamgombeza kwa adabu, akamfutia Lupeti yale yote aliyokuwa ameandika na kumwita kwa vipimo vipya. Figo zake nzima. Kipimo cha dawa kimeongezwa kidogo.

Lupeti ndiye aliyekwenda kwa dada yake. Alikaa kwenye mkeka karibu na mlango, kama inavyopasa, akaeleza yote. Kalolaine aliichukua chupa ya mafuta, akaifungua, akainusa.

"Kwa hiyo mafuta yangu yalikuwa ya kunukia tu," akasema.

"Yananukia vizuri, dada."

"Usinichekeshe. Folau anaendeleaje?"

Lupeti alipomwambia, mama yule aliinuka, akajifunga mkeka wake wa heshima kiunoni, akatembea hadi nyumbani kwa Folau kwa mwendo ambao watoto wa njiani walimpisha. Losaline alikuwepo, anamsaidia Pisila kubadilisha shuka. Kalolaine hakumtazama. Alisimama mbele ya mgonjwa.

"Folau, nani alikuambia uache vidonge?"

"Hakuna aliyeniambia. Niliona mwenyewe mafuta yako yanavyofanya kazi."

"Hayafanyi. Kaka yangu alikuwa anameza dawa wakati wote, na mimi sikujua. Mimi ndiye niliyesema vitupwe, nawe ukafuata. Sasa nasema inuka, gari nimeliagiza linakuja, unakwenda hospitali na mimi nakwenda nawe. Au unataka nikae hapa kitandani mpaka mkeo atufukuze wote wawili?"

Mzee aliinuka. Alilazwa, akatibiwa, akarudi nyumbani na fimbo na vidonge vyake, na kila asubuhi Kalolaine hupita dirishani kwake na kuuliza, "Umemeza?" Mafuta bado anatengeneza, huwapa watu kwa ajili ya nywele.

Jioni ya siku ile ya hospitali, wifi mtu alikuja uani kwa Losaline, akaketi karibu naye, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Losaline aolewe.

"Mwaka mzima ulikuwa unaniogopa?"

"Ndiyo, wifi."

"Vizuri. Endelea kuniogopa kwenye mambo ya mikeka na harusi na nani akae wapi. Lakini likiwa jambo la uhai wa ndugu yangu, njoo mlangoni kwangu upige kelele."

Na wewe unayesoma, mwenye kidole kinachowaka au mwenye mume anayeugulia kitandani: usitupe dawa siku maumivu yanapokuja. Nenda kwa aliyekupa, umwambie yamekuja.

Mama Vaisioa